Disketi ya Mudathir

Mume wangu Mudathir alimwachia binti yetu maneno, na maneno yenyewe hakuyaandika kwenye karatasi wala hakumpa mtu amfikishie. Aliyaweka ndani ya kompyuta ya stoo, kiwandani Chang'ombe tulikokuwa tukifanya kazi sote wawili, akaipa kompyuta siku ya kuyatoa: Ijumaa, tarehe ishirini na saba Septemba 1996, saa tisa na nusu alasiri. Shoga zangu wananiambia nilikuwa mjinga kukubali mchezo huo. Wakisema hivyo nanyanyuka naondoka, kwa sababu hawakumjua Mudathir.

Kiwanda chetu kilitengeneza masufuria. Kilikuwa mali ya umma, na mwaka 1991, enzi ambazo bado kulikuwa na mtu wa kuomba vitu wizarani na kupewa, tukaletewa kompyuta moja ya stoo. Mimi nilikuwa mpiga taipu wa stoo, Mudathir karani. Ile mashine waliiogopa wote isipokuwa yeye. Alinunua kitabu cha kuandika programu kwa wauza vitabu wa chini pale Kariakoo, kitabu kilichochanika, hakina kurasa thelathini za mwisho, akakisoma mpaka kikaanza kunuka jasho lake. Nilimwambia mtu mzima na akili zake hanunui kitabu kisicho na mwisho. Akasema mwisho atautunga mwenyewe.

Alichotunga kilikuwa hiki. Ukiwasha mashine asubuhi, programu yake inaingia, inajificha, wewe unaendelea na kazi zako. Ikifika saa tisa na nusu mashine inalia mara tatu, na juu kabisa ya kioo, hata kama uko katikati ya barua ya meneja, unatokea mstari mmoja. Siku ya kwanza mstari ulisomeka: "Mama Najma, funga ofisi. Maji yanatoka saa kumi."

Kwetu Temeke maji yalikuwa yakitoka saa kumi kweli, na yakikata saa kumi na moja hayarudi tena mpaka kesho. Lakini kuniandikia mbele ya wapakuaji na madereva! Nilimnunia siku mbili. Stoo nzima ilicheka, na tangu hapo, ikikaribia saa tisa na nusu, kuna watu walikuwa wanajitafutia sababu ya kupita ofisini kwetu kuja kuona leo ameandika nini.

Mwaka 1995 figo zilianza kumsumbua. Siku alizokuwa na nguvu alikuja kazini, anakaa kwenye mashine kutwa, anaandika, nikipita nyuma yake anafunika kioo kwa kiganja. Nilidhani anaandika ripoti. Kumbe alikuwa anaandika mstari wa kila siku ya kazi, mpaka mwisho wa mwaka uliofuata. Aliniambia hospitali, miguu imeshavimba, wiki mbili kabla hajafa.

"Mtihani wa la saba unakuwaga Septemba mwanzoni," alisema. "Ya Najma nimeiweka Ijumaa ya mwisho ya mwezi, akili yake itakuwa imetulia. Hiyo ndefu, si mstari mmoja. Mlete, mkalishe kwenye kiti changu. Na wewe usichungulie kabla."

"Nichungulie wapi, na mie hayo madude yako siyajui?"

"Nakujua wewe," akasema, akacheka kidogo. "Niapie."

Nikaapa. Alikufa Januari, wiki moja kabla ya mfungo.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Kazini walinihesabia likizo zangu zote nilizokuwa sijachukua, na siku zilizozidi wakafumba macho, ndivyo watu walivyokuwa bado wanaishi pale. Niliporudi mwishoni mwa Mei nilifuta vumbi, nikawasha mashine, nikapiga taipu kutwa nzima bila kuinua kichwa. Saa tisa na nusu ikalia. "Mama Najma, funga dirisha la nyuma, mvua hiyo."

Nje jua lilikuwa linachoma. Alidhani masika ya mwaka ule yatachelewa kuisha. Niliinuka nikaenda kufunga dirisha la nyuma, nikasimama palepale nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Jioni ile nikamweleza Najma habari ya tarehe ishirini na saba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa baba hasa, na tangu msiba alikuwa anazungumza kwa kupimapima kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Asubuhi nikakuta ameandika tarehe ile kwa chaki ukutani, juu ya kitanda chake.

Julai akaja mwekezaji. Mimi mwenyewe sikumwona, alionwa na meneja wetu, Bwana Jamali, ambaye kwa mwezi mzima alitembea na kalamu mbili mfukoni badala ya moja. Alituita uani akatusomea barua. Kuanzia sasa vitengo vyote vitatumia programu moja mpya ya hesabu ya bidhaa, ili ofisi ya juu ione kila sufuria ilipo. Disketi zake hizi hapa. Kitengo ambacho programu hiyo itakuwa haijafunguka mpaka Ijumaa, kazi yake itahamia juu na wafanyakazi wake watapewa barua. Barua gani, hakuna aliyeuliza. Kitengo cha rangi walikuwa wameshapewa, ishirini na sita kwa siku moja.

Niliingiza disketi zile Jumatatu, zote saba, kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Nikaifungua programu. Mashine ikafikiri, taa yake nyekundu ikapepesa, halafu ukaja mstari wa Kiingereza kwamba memori haitoshi, basi, nikarudishwa nilipotoka. Nikarudia. Nikazima, nikawasha, nikarudia. Jumanne nikaamua kuwa mashine imejaa, nikaanza kufuta barua za zamani. Barua za miaka mitano nilizozipiga kwa mikono yangu nilizifuta siku hiyo, moja moja, mpaka vidole vikauma. Nikafungua tena. Memori haitoshi.

Jumatano nikatuma mtu Mwenge kwa Venance.

Venance ni kijana wa watu wa Newala, baba yake anachonga vinyago pale Mwenge, na yeye kwenye kona ya banda la baba yake alikuwa anatengeneza redio, na sasa na kompyuta, maana mjini zilikuwa zinaingia kila siku na mafundi walikuwa wa kuhesabu. Alikuja Alhamisi asubuhi kwa baiskeli, unga wa mpingo umemganda kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada. Ishu ni nini?"

Nikamweleza, na kufuta kwangu barua nikamweleza. Akajizuia asicheke, nikamwona.

"Cheka tu," nikamwambia. "Ukimaliza unifanyie kazi."

"Sikiliza, dada. Barua zako zilikuwa kabatini. Hata ungezifuta zote kabatini, meza haiongezeki. Memori ni meza. Mashine ikitaka kufanya kazi inatoa kitu kabatini inakiweka mezani. Meza yenu hii ndogo, ya zamani, na kuna vitu vimekaa juu yake tangu asubuhi. Ngoja tuone ni vya nani."

Akaandika maneno mawili, ikaja orodha. Alishangaa mpaka akavuta kiti. Kumbe kila aliyewahi kukalia mashine ile aliacha kitu chake, na kila asubuhi vyote vilikuwa vinaamka pamoja nayo vinapanda mezani. Kulikuwa na saa ya mhasibu wa zamani, aliyehamia Morogoro. Kulikuwa na kalenda. Kulikuwa na kitu cha kusubirisha kazi za printa iliyokufa mwaka 1993, na kitu cha kuendesha kipanya ambacho hatujawahi kuwa nacho. Kimoja kilikuwa cha kuchorachora nyota kwenye kioo mtu akienda kula.

Venance akawa ananisomea, mimi naitikia toa, yeye anatoa. Anazima, anawasha, anapima. Programu ya mwekezaji ilitaka memori ya kilobaiti mia tano na sitini. Tulianza na mia nne na kumi. Tukafika mia nne hamsini, mia nne tisini, mia tano ishirini na tano. Kila namba ilivyopanda moyo wangu nao ulipanda. Pale ikagoma. Akajaribu hili na lile mpaka saa sita, akanunuliwa chai na maandazi, akajaribu tena.

"Ingekuwa mashine mpya, yenye rafu juu ya meza, kuna vitu ningevisogeza huko juu," alisema. "Hii haina huko juu. Kimebaki kimoja tu, na ndiyo kikubwa kupita vyote. Kimekalia arobaini peke yake. Mtu aliyeandika hiki kitu kaweka maneno yake yote mezani, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, kila siku. Angeweza kuyaacha kabatini akawa anatoa moja moja."

"Hiyo sura haikuwemo kwenye kitabu chake," nikasema.

Venance akanitazama. Nikamweleza. Aliondoa mikono yake kwenye mashine akaiweka magotini, na mimi nilimpenda kwa hilo.

"Basi tuyatoe kwenye karatasi," alisema baadaye. "Yote. Mie sisomi, naelekeza tu kwenye printa ya ofisi ya juu, yanatoka, unayakunja unaweka kabatini mpaka siku yenyewe. Dakika kumi tu, dada."

Dakika kumi. Nimezifikiria dakika hizo kumi kuliko ninavyofikiria miaka kumi na minne niliyolala kitanda kimoja na Mudathir. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya mgonjwa. Printa ilikuwa ofisi ya juu, karatasi zingetoka mbele ya macho ya watu wale, na mimi najijua, karatasi ikiwa ndani ya nyumba yangu nisingemaliza wiki. Mudathir naye alinijua. Nilimwambia Venance hapana. Nilimwambia kwa ukali, kana kwamba amenitukana.

"Haya. Basi sifuti kitu," alisema. "Naikataza tu isiamke yenyewe asubuhi. Iko palepale kabatini. Ukiihitaji, unafunga programu ya mwekezaji, unazima, unawasha, unaandika jina lake. Mbili kwa pamoja haziwezi kukaa. Na kwa usalama nakutolea nakala."

Akanakili kwenye disketi, zile pana nyeusi, laini kama bahasha. Juu ya kibandiko akaandika kwa kalamu ya wino mzito: MUDATHIR. Akaniusia isipigwe jua, isikae kwenye vumbi, na hasa isikae karibu na spika, kwa sababu spika ina sumaku na sumaku inafuta kila kitu.

Programu ya mwekezaji ikafunguka saa nane mchana. Ilikuwa na rangi ya buluu. Siku ya pili Bwana Jamali alikuja akasimama nyuma yangu, akaitazama, akaniambia hongera mama Najma umeokoka, na kwa kweli stoo ilibaki, na mimi nilibaki. Saa tisa na robo niliifunga buluu ile, nikazima, nikawasha, nikaandika jina la mume wangu. Saa tisa na nusu akaniambia nisisahau kumnunulia Najma daftari la hesabu. Nikawa nafanya hivyo kila siku. Kutwa namhudumia mwekezaji, robo saa ya mwisho ni ya Mudathir.

Disketi ndiyo ilinitesa. Nyumbani nisingeweza kuiweka. Chumba chetu kiliezekwa bati, mchana unaweza kuoka mkate humo ndani, na jirani yangu Hamida alikuwa na spika mbili kubwa kama makabati, zimeegemea ukuta mmoja na kitanda changu, taarabu kutwa. Ofisini watu walikuwa wanaingia na kutoka, droo zinafunguliwa. Ndipo nikaikumbuka masjala.

Masjala yetu ilikuwa chumba cha nyuma chenye kuta nene za zamani, mlango wa chuma, baridi hata Februari. Mwenye funguo alikuwa Mzee Apolinari, mtu wa Ndanda, mtaratibu, amekaa humo miaka ishirini na miwili na hajapoteza karatasi hata moja. Viwanda jirani waligombana kwa majalada kupotea, yetu yote yalikuwepo. Ukimpelekea barua, anaigonga muhuri, anaipa namba kwa wino mwekundu, anaitoboa pembeni, anaifunga kwa uzi wa kijani kwenye jalada lake, ndiyo imezaliwa. Mudathir alikuwa akimtania kwamba siku ya kiama atawapanga watu kwa namba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Najma. Hujambo? Na mtoto?"

"Hajambo. Mzee, nina amana. Ni ya marehemu. Naomba unitunzie mpaka mwezi wa tisa mwishoni."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akasoma lile jina, akavua miwani akaifuta, akaivaa. "Mimi nitaitunza kama ninavyotunza kila kitu humu," alisema.

Sikumwambia neno zaidi. Mimi, Mwanabaraka, ambaye namwelekeza konda pa kusimamisha gari na namfundisha muuza samaki kupara samaki wake, siku ile nilinyamaza. Nilimwona mtu mzima, makini kuliko sisi sote, na nikaona aibu kumfundisha kazi yake. Nilisema ahsante, nikapiga goti kidogo, nikaenda zangu.

Katikati ya Agosti mafundi wa mwekezaji walikuja na pikapu. Walishusha mashine mpya, mojamoja kila kitengo, nyeupe, na za zamani wakazibeba. Nilikimbia uani nikawauliza zinakwenda wapi. Zimeshasafishwa, wakasema, zimefutwa zote, zinakwenda kwenye mnada. Fundi mmoja aliponifungia ile mpya aliipigapiga mgongoni. "Hii mama memori ipo ya kumwaga. Fungua hata programu kumi kwa mpigo, haikwambii kitu." Kisha akabandika karatasi juu yake: ni marufuku kuingiza disketi yoyote.

Sikulia siku hiyo. Nilimfuata Bwana Jamali, nikamweleza habari yote, nikamwomba ruhusa ya disketi moja, siku moja, robo saa. Alikuwa anamheshimu Mudathir. Akasema Ijumaa ile atakuwa hana habari na kinachofanyika stoo. Mistari ya kila siku ilikuwa imeniponyoka, sawa, nikajiambia nimpunguze nafsi yangu uroho. Ya Najma ipo. Iko nyuma ya mlango wa chuma.

Najma akafanya mtihani. Aliporudi siku ya mwisho sikumuuliza maswali yalikuwaje, naye hakunieleza, aliniuliza tu, "Mama, ile mashine memori imetosha sasa?" Habari za memori alikuwa amezisikia mwezi mzima, maana nyumbani sikuwa na mazungumzo mengine.

"Imetosha, na nyingine imebaki," nikamjibu. Akatabasamu. Ule ukuta wa chaki ulikuwa umebakiza siku chache.

Jumatano ya tarehe ishirini na tano nikaenda masjala. Nilitaka Venance aje Alhamisi aijaribu kwenye mashine mpya, tusije tukaaibika mbele ya mtoto.

Mzee Apolinari aliniona tu akainuka. Hakwenda kwenye kabati la vitu vya thamani nilikotarajia. Alikwenda kwenye rafu ya majalada ya watumishi, akavuta moja, akalipuliza, akaliweka mezani mbele yangu. Lilikuwa jalada la Mudathir. Barua ya kuajiriwa, barua za likizo, cheti cha kifo. Akafunua mpaka mwisho, akaligeuza liniangalie mimi.

Disketi ilikuwepo. Imefungwa kwa uzi wa kijani, kwenye kona ya juu kushoto, inchi moja kutoka ukingoni kama taratibu zinavyotaka. Juu yake, kwa wino mwekundu, namba sitini na tatu. Chini yake muhuri wa masjala na tarehe ya siku niliyoileta. Tundu lilikuwa la mviringo, safi, halina hata ukingo uliochanika.

Nilisikia mtu anapiga kelele. Wafanyakazi wa ofisi ya jirani walikuja mbio, wakadhani nimeng'atwa na nyoka, na ndipo nikajua mpiga kelele ni mimi.

"Umeitoboa! Mzee, umeitoboa!"

"Nimeifunga, mama Najma," alisema, hajaelewa bado. "Kitu kisichofungwa kwenye jalada kinadondoka. Nimekipa namba yake. Hiki ni cha Mudathir, nikakiweka kwa Mudathir."

"Ni mashine inasoma hiyo! Inazunguka humo ndani! Umemtoboa mume wangu!"

Rangi yake ilibadilika. Akaichungulia ile disketi kwa karibu, akaligusa tundu kubwa la katikati ambalo disketi zote zinatoka nalo kiwandani. "Ilikuwa na tundu tayari," alisema kwa sauti ndogo. "Hapa katikati. Nikaona, nikasema basi, ni kitu kinachotobolewa." Akakaa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika mezani, ikashika muhuri.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia mtu wa umri wa baba yangu maneno ambayo mtoto mwenye adabu hamwambii hata mwizi. Nilipomaliza alikata ule uzi wa kijani kwa wembe, akanipa disketi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili kitu kikatoka kwenye jalada bila kusainiwa.

Venance alikuja Alhamisi. Alilipasua lile ganda jeusi kwa wembe, akatoa sahani laini ya ndani, akaipangusa kwa pamba, akaivalisha ganda la disketi nyingine, akaenda kuijaribu kwenye mashine ya rafiki yake mmoja Chang'ombe hiyo hiyo. Nilisimama nyuma yake. Mashine ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Alijaribu tangu saa tano mpaka saa kumi, na mara tatu alitoka nje kuvuta sigara.

"Tundu limepita ukingoni," alisema mwisho, bila kunitazama. "Na mashine inaanzia kusoma ukingoni, dada. Hapo ndipo inapojua nini kiko wapi. Lingepita ndani kidogo tu, ningekupatia hata nusu."

"Nusu ingenitosha," nikasema.

"Najua."

Hakutaka malipo. Nikamshindilia mfukoni, kwa hasira, kwa sababu nilihitaji kumkasirikia mtu na Mzee Apolinari nilishammaliza.

Nilirudi ofisini, nikakaa mbele ya mashine mpya. Nitasema kweli. Nilifungua ukurasa, nikaandika: "Najma mwanangu." Nilidhani nitaandika mimi kwa niaba yake, mtoto asome, alale na furaha. Nimeishi na Mudathir, nayajua maneno yake. Nilikaa mpaka watu wakatoka kazini, na baada ya yale mawili sikupata hata neno moja. Nilijua angemwambia kuhusu maji, kuhusu daftari, kuhusu dirisha. Alichokiweka kwa ajili ya siku hii moja, ambacho alikifunika kwa kiganja, sikukijua. Nikayafuta yale maneno mawili.

Na Najma sikumwambia. Nilisema nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikasema nitamwambia mchana.

Ijumaa saa tisa na dakika kumi mlinzi alimleta mpaka mlangoni. Shule ilishakwisha lakini alivaa sare yake ya shule, ameipiga pasi mwenyewe, mistari imesimama, na kichwani amejifunga ushungi wangu mweupe wa Idi. Aliwasalimia watu wote wa stoo, shikamoo, shikamoo, mpaka wapakuaji. Bwana Jamali alikuwa ameondoka. Mlango wa masjala, nilipopita kwenda kumpokea, ulikuwa umefungwa kwa kufuli mchana kweupe.

"Kiti chake ni hiki?" akauliza.

"Ndiyo hicho."

Akakaa. Miguu haikufika chini vizuri. Akaweka mikono mapajani, akainua uso kwenye kioo cheupe kilichokuwa hakina kitu, na akaanza kungoja. Nilifungua mdomo nimweleze. Naapa nilifungua. Akageuka akanitazama, uso wote umefunguka kama ulivyokuwa zamani, nikasema tu, "Bado dakika tano."

Saa ya ukutani ikafika tisa na nusu. Mashine ilikuwa inavuma polepole, haikulia. Nje mtu alidondosha rundo la mifuniko, Najma akashtuka, halafu akarudi kwenye kioo. Tisa na dakika thelathini na tano. Tisa na arobaini. Hakutikisika. Niliona tu mabega yake yanashuka kidogo kidogo ndani ya ile sare. Wapakuaji waliokuwa wamesimama dirishani wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Saa kumi kasorobo Najma alipangusa kioo kwa ncha ya ushungi, ingawa kilikuwa safi.

"Labda memori haitoshi, mama," alisema.

Alisema kwa upole, kwa ajili yangu, kama mimi ndiye mtoto. Nilitazama ile mashine ya mwekezaji, yenye memori ya kumwaga.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Haitoshi."

Akashuka kitini. Alichukua kitambaa cha kufunikia, akakitandaza juu ya mashine, akavuta kona zote nne zikakaa sawa, kama alivyokuwa akimwona baba yake anafanya alipokuwa mdogo tukija naye Jumamosi.

"Basi twende," alisema. "Maji yanatoka saa kumi."

Nikafunga dirisha la nyuma, nikafunga ofisi.